Kabla Jina Lako Halijaingia Kwenye Daftari Langu

Nina duka hapa Bagamoyo, upande wa Magomeni, njia wanayopita wanafunzi wakitoka vyumbani kwenda chuo. Nauza unga, mchele, mafuta ya kupima, sabuni za vipande, mayai na vocha, na pembeni nina kimeza cha wakala. Wanafunzi wananiita shangazi. Kwa hiyo anayewaandikia haya ni mtu anayewadai, mlijue hilo mapema na mnipime kwa jicho hilo. Ila mwenye duka anaona mengi ambayo mhadhiri haoni. Najua nani anatoa elfu tatu tatu kila jioni, nani ananunua mafuta ya mia tano wakati bumu, ile pesa ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, halijamaliza hata wiki tatu, nani amepita kuuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu ananunua laptop. Wengi wao wanapata pesa ileile wanayopata wenzao wanaokula vizuri mpaka mwisho. Tofauti inaanza siku pesa inapoingia.

Bumu ni posho ya siku

Tangu mwaka wa masomo 2022/23 Bodi ya Mikopo inahesabu shilingi 10,000 kwa siku kwa ajili ya chakula na malazi. Kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Ukipewa kamili, siku 60 ni laki sita, na laki sita ikiingia kwa mkupuo inamtia mtu kiburi. Jioni ile ile bajaji zinapishana, chipsi kuku zinaagizwa, na kuna kijana atanunua viatu vyeupe vya kutembelea mchanga wa Bagamoyo. Siwakatazi kufurahi. Ila kabla hujatoka nje kaa chini na karatasi.

Tuseme chumba chako ni elfu arobaini kwa mwezi, choo cha kuchangia. Miezi miwili ni 80,000, inabaki 520,000. Umeme na maji weka 15,000 kwa mwezi, inabaki 490,000. Bando la intaneti 10,000 kwa mwezi, inabaki 470,000. Sabuni, dawa ya mswaki, kutoa kopi na kuprinti kazi za darasani, weka 40,000 kwa kipindi chote. Umebaki na 430,000. Hiyo ndiyo pesa yako ya kula na nauli.

Sasa usiigawe kwa 60. Igawe kwa 75. Bumu lina tabia ya kuchelewa, mara majina hayajarudi, mara kuna waliosahau kusaini, na wiki hizo mbili za kusubiri ndizo zinazojaza daftari langu. Ukigawa kwa 75 unapata 5,700 na ushee kwa siku, ukigawa kwa 60 unapata 7,100 na ushee. Hiyo elfu moja na mia nne ya kila siku ndiyo itakayokulisha wewe wakati wenzako wanaanza kuja kuniambia, "Shangazi, bumu likitoka tu." Likitoka kwa wakati, umepata akiba.

Kama huna mkopo na unatumiwa kutoka nyumbani, hesabu ni ile ile. Chukua unachotumiwa kwa kawaida. Usihesabu kile ambacho mjomba alikuahidi msibani.

Kodi ilipe siku hiyo hiyo. Wenye nyumba wengi hapa wanataka ya miezi mitatu au sita kwa pamoja, na hapo ndipo mtu anapochota pesa ya chakula akidhani ataifidia. Zungumza naye kabla hujahamia: mwambie unaingiziwa kwa awamu, na ungependa kulipa kila bumu linapoingia. Wengine watakataa, lakini wapo wanaokubali, hasa kina mama wenye nyumba zao wenyewe wanaokaa papo hapo uani. Mkikubaliana, andikeni, hata kwa mkono, kila mmoja abaki na nakala yake.

Pesa nyingine iache benki. Toa mara moja kwa wiki, siku uliyoichagua mwenyewe. Mimi nalipwa kamisheni kwa kila muamala, kwa hiyo anayekuja kutoa elfu tano kila siku ananinufaisha mimi na kampuni ya simu, na makato analipa yeye.

Mita moja, vyumba sita

Mtu angedhani wapangaji wanagombana kwa ajili ya kodi. Hapana, ni LUKU, umeme wa kulipia kabla. Nyumba nyingi za kupanga mitaa hii, kuanzia Magomeni mpaka Nianjema, zina vyumba vitano sita na mita moja ukutani. Umeme unakata saa tatu usiku, kila mtu anajifanya amelala, na mwenye mtihani kesho ndiye anayekuja kunigongea dirisha na buku mbili mkononi.

Anza kwa kujua kinachokula umeme. Kila kifaa kimeandikwa wati zake, chini au nyuma. Wati 1,000 kwa saa moja ni yuniti moja. Birika la umeme la wati 2,000 linamaliza yuniti kwa nusu saa. Jiko la koili la wati 1,000 likipika maharage saa mbili limekula yuniti mbili. Feni ya wati 50 ikizunguka saa kumi za usiku ni nusu yuniti. Laptop ya wati 60 kwa saa nne ni robo. Balbu ya wati 9 ikiwaka saa tano haifiki hata sehemu ya ishirini ya yuniti, kwa hiyo yule anayezunguka nyumba nzima kuzima taa za wenzake huku birika lake linachemka anajisumbua bure.

Bei ya yuniti kwa mteja wa kawaida wa nyumbani ni shilingi 292, na ukiongeza VAT na tozo nyingine inapita 350. Kwa hiyo elfu kumi inakupa yuniti 28 hivi, na ile sufuria ya maharage kwenye koili ni kama shilingi mia saba za umeme kabla hujaweka nazi. Mkishajua hilo hamtagombana tena kwa kukisia.

Kugawana sawa kwa sawa hakufai pale ambapo mmoja ana friji na mwingine ana simu tu. Njia ninayoiona inafanya kazi ni ya mafungu. Chumba chenye balbu, feni na kuchaji kinalipa fungu moja. Chenye birika au pasi, fungu moja na nusu. Chenye friji au jiko la umeme, mafungu mawili. Tuseme mko vyumba vitano: vitatu vya kawaida, kimoja kina birika, kimoja kina friji. Jumla ni mafungu sita na nusu. Mkikubaliana kununua umeme wa 26,000 kwa mwezi, fungu moja ni 4,000. Watatu wanatoa elfu nne nne, wa birika elfu sita, wa friji elfu nane. Anayeona elfu nane ni nyingi anaweza kuwakaribisha wenzake waweke maji yao baridi humo.

Changeni tarehe mosi. Umeme ukishakata mmechelewa, maana saa hiyo anayehitaji zaidi ndiye anayelipia wote. Mteueni mmoja wa kununua, na awe yule asiyependa maneno mengi.

Halafu bandikeni karatasi pembeni ya mita: tarehe, yuniti zilizobaki, yuniti zilizonunuliwa, nani kanunua. Isomwe kila Jumapili. Nyumba ya nyuma yangu wanayo, imeshikwa kwa soltepu, kona moja imeliwa na mende. Mstari mmoja umeandikwa kwa kalamu nyekundu: "Zimebaki 6.2. Nani anapika?" Chini yake mtu mwingine kajibu kwa bluu: "Maharage ya wote." Mstari uliofuata, jiko limeandikwa mafungu mawili. Kikao hakikuhitajika.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu LUKU. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo mnaponunua umeme, na sasa kwa nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, mpangaji anamlipia tu kwa sababu ndiye anayenunua umeme. Kila ujumbe wenye makato hayo uhifadhini, kisha siku ya kulipa kodi ya pango mumuoneshe mwenye nyumba na mpunguze kiasi hicho kwenye pango. Nendeni kwa adabu, na aende mmoja, msiende kundi zima kama mnadai mahari. Wengi wanakubali wakioneshwa ujumbe wenyewe.

Maji sina maneno mengi. Kama nyumba ina dira ya DAWASA, ombeni kuona ujumbe wa bili wenyewe, msiridhike na kuambiwa kwa mdomo. Na angalieni bomba la uani usiku kabla ya kulala. Bomba linalodondosha mpaka asubuhi mnalilipia nyinyi.

Namna ya kukopa dukani

Mimi nakopesha. Sitozi riba, na faida yangu ni kwamba utarudi kununua kwangu. Ila yapo mambo yanayofanya nikukopeshe tena, na yapo yanayofanya nikwambie unga umekwisha wakati unauona.

Kopa chakula na sabuni. Vocha, soda na biskuti nunua kwa pesa yako. Ukikopa, usiseme "nitakuletea." Taja siku. Nikiandika, simama uone ninachoandika, piga picha ukurasa, na siku ukilipa hakikisha mstari umekatwa mbele yako. Sisemi hivyo kwa sababu nawaibia, nasema kwa sababu jioni nina wateja kumi wamesimama na mtoto wa dada yangu ndiye anayeshika kalamu.

Weka kikomo chako mwenyewe. Kwa mwanafunzi mimi naona elfu ishirini na tano inatosha. Ikizidi hapo ujue humalizi deni, unalihamisha tu kutoka bumu hili kwenda lijalo.

Na ukikosa pesa siku uliyoahidi, usipite njia ya nyuma. Mnapita kule kwenye mtaro mkidhani sioni. Yupo mmoja alikuwa anamtuma mwenzake kuja kununua chumvi kwangu, chumvi ya mia mbili, asionekane. Kijana wa watu, urefu wote ule. Ujumbe mmoja ungemtosha, na niuandike hapa muunakili: "Shikamoo shangazi. Nadaiwa 23,500. Ijumaa naleta 10,000, zilizobaki tarehe 4. Leo sikopi." Kiasi kipo, siku ipo, na umesema huongezi. Ujumbe huo huo unafaa kwa mwenye nyumba, kwa mama ntilie, hata kwa rafiki. Mdai anaweza kusubiri akiwa na tarehe. Kinachomchemsha ni ukimya.

Kwenye chakula chenyewe kuna akiba ambayo wageni wa mji huu hawaijui. Wanne mkiungana mkashuka soko la samaki pale ufukweni, karibu na Mji Mkongwe, mnanunua fungu mnadani kwa bei ambayo mmoja mmoja hamuipati. Mkaange wote siku hiyo hiyo, mgawane. Nauza mayai, lakini nawaambia ukweli: siku boti zikirudi na samaki wengi, mayai yangu ni ghali.

Mikopo ya simu na kausha damu

Huduma kama Songesha ziliwekwa kukamilisha muamala pale salio linapopungua kidogo. Zina kazi yake. Tatizo ni kwamba gharama inaongezeka siku zinavyokwenda, na deni linajilipa lenyewe pesa yoyote ikiingia kwenye laini. Nimewaona mara nyingi pale mezani: mama katuma elfu ishirini ya chakula, mtoto anakuja kutoa, anakuta kumi na mbili. Kwa hiyo kabla hujamwambia mtu akutumie pesa, angalia kwanza unadaiwa kiasi gani kwenye laini hiyo, na umuombe kiasi kinachojumlisha deni, umwambie ukweli ni la nini.

Programu za mikopo za kupakua ni hatari zaidi. Unabonyeza kukubali, inachukua majina yote kwenye simu yako, na ukichelewa siku mbili wanamtumia ujumbe mchungaji wako, shangazi yako wa Lindi na msimamizi wako wa mafunzo kwa vitendo kwamba wewe ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Kabla hujapakua yoyote, ingia tovuti ya Benki Kuu uangalie kama mkopeshaji ana leseni. Ikitaka kusoma majina na picha zako, ifute hapo hapo.

Halafu kuna wale wakopeshaji wa mtaani wenye riba kubwa, wanaoitwa kausha damu. Huduma ndogo za fedha zina sheria yake ya mwaka 2018, na taasisi zenye leseni ya daraja la pili, yaani wakopeshaji wasiopokea amana, zimewekewa ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Laki moja kwa mwezi mmoja ni 3,500. Sasa mtu anakupa laki moja anataka 130,000 baada ya siku thelathini. Hiyo ni asilimia 30, piga hesabu mwenyewe ni mara ngapi. Na wengine wanataka ukabidhi kadi ya benki na namba ya siri, ili bumu likiingia wajitolee wenyewe. Kadi usimpe mtu yeyote duniani, hata akiwa mpenzi wako, hata akiwa mimi. Laptop usiiweke bondi wakati una kazi ya kuandika, kwa sababu utakopa tena kulipia kompyuta ya watu.

Ukiwa umeshaingia, chukua karatasi uandike wote wanaokudai: nani, kiasi gani, deni linakua au limesimama, na ameshika nini chako. Usipange kwa ukubwa. Lipa kwanza linalokua kila siku, hata kama ni dogo. La pili ni yule aliyeshika kitu chako. La tatu ni mwenye nyumba. Sisi wa daftari tusio na riba, na marafiki, tuje mwisho, ilimradi ule ujumbe umeshatufikia. Nasema hivi na pesa ni yangu. Ukinilipa mimi kwanza kwa aibu, huku deni la simu linaota mbawa, mwezi ujao utarudi kwangu na deni kubwa zaidi.

Usikope pengine kumlipa huyu. Na kama unatishwa au picha zako zinasambazwa, hilo si suala la deni tena. Hifadhi ujumbe wote, nenda polisi, na ujue ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyotokana na sheria ya mwaka 2022. Waambie na nyumbani. Watakukaripia jioni moja tu.

Mchezo na michango

Wasichana wengi hapa wana mchezo, elfu kumi kila wiki, anapokea mmoja. Ni kitu kizuri ukiwa wa mwisho mwisho, maana unaweka akiba kwa nguvu. Ukipokea wa kwanza umekopa, tena kwa watu kumi kwa mpigo. Usikubali zamu ya mwanzo kama hujui wiki ya nane utatoa wapi. Na usicheze na mtu ambaye hujui kwao.

Michango ya sendofu, ya harusi na ya mahafali nayo ihesabu kama bili. Tenga kiasi kwa muhula, kikiisha sema kimeisha. Kadi ya mchango haina polisi.

Deni la Bodi

Hili watu hawalioni kwa sababu halipigi hodi mapema. Muda wa kuanza kulipa unahesabiwa baada ya miezi 24 tangu umalize masomo, na ukiajiriwa mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara. Mshahara wa 800,000 unakatwa 120,000 kila mwezi. Ile nyongeza ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo iliyokuwa inawaumiza walimu wetu, pamoja na adhabu ya asilimia 10 ya kuchelewa, ziliondolewa mwaka 2021, kwa hiyo msitishwe na hadithi za kaka zenu waliosoma zamani. Kujiajiri nako hakukutoi, deni linabaki na jina lako.

Cha kufanya ukiwa bado chuoni ni kidogo. Kila awamu unayosaini, ingia kwenye akaunti yako ya SIPA, ile akaunti yako binafsi kwenye mtandao wa Bodi, uone kilichoandikwa kinafanana na ulichopokea, ada iliyokwenda chuoni ikiwemo. Kukiwa na tofauti, mfuate afisa mikopo wa chuo wiki hiyo hiyo, wakati kumbukumbu zipo. Tunza nakala kwenye barua pepe, usizitegemee simu peke yake. Simu za wanafunzi wa Bagamoyo zina ugonjwa wa kudondoka baharini kila Jumapili.